Lazima Awepo Anayekataa

Ngazi za kwenda darasani zilikuwa ishirini na mbili, na Redio alizijua moja moja kama mtu anavyowajua majirani wasumbufu. Ya nne ilikuwa imemeguka pembe. Ya kumi na moja ndiyo aliyoitumia kupumzika, mkono ukutani, akijifanya anatafuta kitu mkobani ili wanaopita wasimwonee huruma. Ya ishirini na mbili ilimfikisha kwenye chumba cha kukodi juu ya duka la kuchapisha kadi za harusi, ambako kila Jumamosi saa tisa alasiri watu wazima sita walikaa kwenye viti vya plastiki wakajifunza Kichina cha ngazi ya juu.

Sita, nasema, lakini kwa haki walikuwa watano na nusu, maana Redio alikuwa anasinzia. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, alikuwa amesimama kiwandani tangu saa moja asubuhi, na mwili wake ukishaona kiti hauulizi kiti hicho ni cha kazi gani.

Jina lake la kuzaliwa tuliache. Kiwandani walimwita Redio kwa sababu alikuwa mkalimani. Meneja akisema kwa Kichina, sauti ilitoka kwake kwa Kiswahili; mafundi wakinung'unika kwa Kiswahili, manung'uniko yalitoka kwake kwa Kichina, yamenyooshwa na kupigwa pasi. "Redio haina maneno yake," walimtania. "Inatangaza ya stesheni." Naye alicheka pamoja nao, kwa kuwa utani ule haukuwa na sumu, na kwa kuwa ulikuwa kweli.

Kichina hakukisomea. Alikiokota. Kiwanda kile kilitengeneza vigae vya sakafu, naye alianzia kwenye meza ya kuchambua, mwisho kabisa wa mstari, ambako vigae vilivyotoka tanurini vilipita mbele yake na kazi yake ilikuwa kukigonga kila kimoja kwa kijiti cha chuma na kusikiliza. Kigae kizima hulia. Chenye ufa hukohoa. Miaka minne alisimama pale akisikiliza, mpaka sikio lake likawa kali kiasi kwamba akiwa nyumbani aliweza kukwambia kikombe gani kwenye kabati kina siku chache za kuishi. Sasa Kichina ni lugha ya sikio. Neno lile lile ukilipandisha ni jambo moja, ukilishusha ni jambo jingine, na wasomi wengi wa vitabuni huangukia hapo. Redio hakuanguka. Alisikia kupanda na kushuka kama alivyosikia ufa.

Siku moja mkalimani aliyekuwepo wakati huo, kijana wa suti, alitafsiri vibaya, na mwanamke wa meza ya kuchambua akamsahihisha kutoka nyuma bila hata kuinua macho. Meneja wa uzalishaji aligeuka. Wiki iliyofuata alimtoa mezani, akampa daftari gumu lenye jalada la bluu, akamwambia: "Kila neno jipya liandike hapa. Na siku uliyolisikia, na sentensi yake. Mimi nitakusahihishia." Akafanya hivyo kweli. Miaka mitano, wakati wa chakula, Meneja alikuwa akisogeza sahani yake pembeni, anachomoa kalamu nyekundu, anamsahihishia Redio michoro ya herufi zake. Huo ni wema, na sitaki mtu ausahau tutakapofika mbele.

Tatizo lilikuwa moja. Mkataba wake wa ukalimani ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi, na makao makuu yalikuwa yametoa waraka: mkalimani wa kudumu awe na cheti cha ngazi ya juu. Akifaulu mtihani angehamia ofisi ya juu, apewe meza, na nyuma ya meza kiti. Alikuwa amekwenda kukitazama. Kilikuwa cha kitambaa cha kijani, kina mgongo mrefu, kina magurudumu, na bado kilikuwa ndani ya nailoni yake. Akishindwa, angerudi meza ya kuchambua, kusimama saa nane kila siku. Kuna watu huota nyumba na magari. Redio aliota kiti.

Jumamosi hiyo Mwalimu, mwanamke mwembamba aliyesoma huko huko Uchina miaka saba na akarudi bila subira ya mambo ya kupoteza muda, aliandika ubaoni neno moja: qiángxíng.

"Hiki ni kielezi," alisema. "Kufanya jambo kwa mabavu. Kwa kushurutisha. Nipeni sentensi."

Fundi simu wa mstari wa mbele alitoa ya polisi waliovunja mlango wakaingia. Mwalimu alikubali. Kisha akamnyooshea chaki Redio, ambaye alifumbua macho na kusema kwa Kichina safi cha kiwandani kwamba alisukuma gari lililokwama, kwa mabavu.

"Hapana. Hiyo ni bidii. Bidii ina neno lake."

"Yònglì," alisema Redio, maana hilo alilitumia mara hamsini kwa siku. Kaza kwa nguvu, vuta kwa nguvu, inua.

"Naam. Hilo ni la misuli. Hili la leo si la misuli. Kwenye sentensi hii lazima awepo anayekataa. Mtu, au sheria, au mlango uliofungwa makusudi. Mmoja anasema hapana, mwingine anapita juu ya hapana yake. Haya, kwenye sentensi yako nani anakataa?"

"Gari."

"Gari halikatai. Gari limekwama tu."

Watu wakacheka. Redio naye akacheka, akajaribu tena. "Leo niliamka kwa mabavu."

"Nani alikataa?"

"Miguu."

Hapo hata Mwalimu alishindwa kujizuia. "Umekaribia," alisema. "Lakini miguu ni yako mwenyewe, mtamalizana. Wewe utaniletea sentensi moja yenye anayekataa kweli. Usiharakishe."

Redio aliliandika neno lile kwenye daftari la bluu, akaweka tarehe, na mahali pa sentensi akaacha wazi.

Sasa nieleze habari ya mlango. Kabla vigae havijaingia tanurini hupitishwa kwenye kikaushio, chumba kirefu cha chuma chenye hewa ya moto. Mara moja moja kigae kibichi huvunjika humo ndani na mstari wote husimama, na hapo mtu hufungua mlango wa pembeni, akavuta vipande kwa ndoano. Mlango huo ulikuwa na komeo la usalama lililotengenezwa lisiachie mpaka mashine ipoe, jambo la saa mbili. Juu yake palikuwa na bango jekundu: USIFUNGUE MASHINE IKIWA NA MOTO.

Mtu wa mlango ule alikuwa jamaa wa miaka hamsini waliyemwita Polepole. Waliompa jina hilo hawakukosea. Chai yake aliipoza mpaka ikalala. Kufunga kamba za viatu vyake ilikuwa shughuli ya kualikia watu. Mafundi walisema siku ya kiama Polepole atafika kesho yake. Lakini kwa miaka kumi na mbili hakuwahi kujikwaruza hata ukucha, na kwenye kikaushio hilo si jambo la kuchekea.

Miezi saba nyuma, komeo lilipinda. Likawa haliachii hata mashine ikipoa. Meneja aliagiza kipuri, akaambiwa kitachelewa. Basi akashuka, akasimama mbele ya mlango pamoja na Polepole, na katikati yao akasimama Redio.

Meneja alisema. Redio akasema: "Mpaka kipuri kifike, utumie mtaimbo. Usisubiri ipoe. Kaa ubavuni, usisimame mbele."

Polepole alitafakari, kama kawaida yake. "Na bango je, dada Redio? Muulize."

Redio aliuliza. Meneja alilitazama bango, akapangusa jasho, akajibu, na Redio akasema: "Anasema bango analiona. Anasema utumie mtaimbo."

Basi. Ndivyo kiwanda kile kilivyokwenda. Maagizo yalitolewa kwa mdomo, hapo hapo, na yote yalipitia kwa Redio, na Redio mwenyewe hakuhesabiwa kuwa alikuwepo. Baada ya kikao cha watu wanne ungesikia, "Tulikuwa watatu." Hata yeye alijihesabu hivyo. Maneno yalipita ndani yake kama maji kwenye bomba, na jioni alikuwa hakumbuki alichosema ila uchovu wa kukisema.

Miezi saba Polepole alifungua mlango kwa mtaimbo. Alivaa glavu, alikaa ubavuni, alihesabu mpaka kumi kabla ya kukandamiza. Wenzake walihesabu naye kwa sauti, wakimzomea kwenye saba. Jumanne, siku tatu baada ya lile somo la neno qiángxíng, saa nne asubuhi, alihesabu mpaka kumi kama siku zote, akakandamiza, na bawaba iliyokuwa imechoshwa na miezi saba ya mtaimbo ikang'oka. Mlango uliruka ukambana mkono, na hewa ya moto ikamwosha kuanzia kifundo mpaka juu ya kiwiko.

Redio alikuwa hatua ishirini. Aliusikia mlio wa bawaba kabla ya mtu yeyote, akajua kuna kitu kimepasuka, na hakuwahi.

Jumatano alikwenda hospitali. Polepole alikuwa amelala chali, mkono umefungwa mpaka kwapani na kutundikwa. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Pole sana, kaka," alisema Redio.

"Ahsante, dada. Daktari anasema vidole vitarudi. Itabidi viangaliwe muda mrefu, lakini vitarudi." Akatabasamu kidogo. "Nimemwambia sina haraka."

Mkewe hakucheka. Alimsindikiza Redio mpaka ukumbini, na huko akamshika mkono. "Dada, wewe ndiye unayejua maneno yao. Wataandika nini?"

Swali lilikuwa hilo tu, na kila mtu kiwandani alilijua. Ikiandikwa kwamba ni ajali ya kazini, kiwanda kinamtibu Polepole mpaka apone na nafasi yake inamngoja. Ikiandikwa kwamba ni ukaidi wake, anaachishwa kazi hapo alipolala, na mkono ni shauri lake.

"Sijaiona ripoti, shemeji," alisema Redio.

"Ukiiona?"

Redio aliutoa mkono wake taratibu. Alimwambia atakuja tena kesho kutwa, akaondoka, na ndani ya basi alijisikia vibaya njia nzima.

Ripoti aliiona Alhamisi mchana. Ilikuwa mezani kwa Meneja, kurasa mbili za Kichina kwa ajili ya makao makuu, kurasa mbili za Kiswahili kwa ajili ya ofisi ya kazi. Afisa Utumishi, bwana mmoja wa tai aliyekuwa na tabia ya kubofya kalamu, ndiye aliyeandika za Kiswahili. Chini kabisa palikuwa na mstari wa mkalimani kuthibitisha kwamba lugha mbili zinasema kitu kimoja.

"Pitia tu, dada, utie sahihi," alisema Afisa. "Zinalingana. Nimehakikisha."

Redio alisoma akiwa amesimama. Kwa Kiswahili iliandikwa kwamba mfanyakazi alikaidi onyo lililobandikwa, na bila kuagizwa na mtu yeyote akaufungua mlango kwa mabavu. Akahamia kwenye Kichina, kidole kikishuka polepole, na katikati ya ukurasa wa pili kidole kikasimama. Lilikuwa limekaa pale, herufi mbili, kana kwamba lilimtangulia njiani: qiángxíng.

Wiki mbili nyuma angelipita. Angesema moyoni, ndiyo, mlango ulikuwa mgumu, alitumia nguvu. Sasa hakuweza kulipita. Sauti ya Mwalimu ilikuwa inamuuliza nani anakataa. Bango, labda. Lakini aliyepita juu ya bango hakuwa Polepole. Polepole ndiye mtu pekee aliyelikumbuka lile bango.

"Hapa," alisema kwa Kichina, "panasema hakuna aliyemwagiza."

Meneja hakuinua uso. Alikuwa amekonda wiki ile, na shati lake lilikuwa la jana. "Sahihi yako haisemi lililotokea," alimjibu kwa upole. "Inasema maneno yanalingana. Hayalingani?"

Yalilingana. Hapo ndipo palipomchoma. Afisa alikuwa ametafsiri vizuri kuliko alivyowahi kutafsiri maishani mwake, na mkalimani hakuombwa kusema uongo. Aliombwa kusema kwamba uongo huu na uongo ule ni pacha.

Kisha Meneja akafungua droo, akatoa barua, akaiweka kando ya ripoti. Ilikuwa barua ya kumpendekeza kwa mtihani, imekwisha pigwa muhuri. Bila barua ya mwajiri mtu haandikishwi. Hakusema neno juu yake. Aliiweka tu, akainyoosha kwa kidole ikae sawa na ukingo wa meza, na nyuma yake, kupitia mlango wa kioo, kiti cha kijani kilionekana ndani ya nailoni.

"Nimechoka, Meneja," alisema Redio. "Nipe mpaka kesho niisome vizuri."

"Kesho saa tatu," alisema Meneja.

Nyumbani alitia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi na kuitazama kama inamhusu mtu mwingine. Binti yake, mshonaji, alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, anapindisha pazia la mteja kabla mwanga haujaisha. Redio alimweleza yote. Binti aliondoa mguu kwenye pedeli.

"Mama, tia sahihi."

"Hivi hivi?"

"Miguu hiyo itakubeba miaka mingapi tena kwenye ile meza? Mimi ndiye ninayekukanda. Wewe umetafsiri tu. Aliyeagiza ni Meneja, aliyefungua ni Polepole. Wewe uliingia wapi?"

Lilikuwa swali la haki, na Redio alilitafuta jibu lake maji yakipoa. "Meneja hajui hata neno mtaimbo," alisema hatimaye. "Kwa Kiswahili hajui. Polepole hajamsikia Meneja hata siku moja, mwanangu. Miaka yote hii anamsikia mama yako."

 Binti alilegeza uzi, akarudi kwenye pazia, lakini alishona taratibu, na baada ya muda aliinuka akaongeza maji ya moto kwenye beseni.

Redio alivuta daftari la bluu ili angalau afanye kazi ya Mwalimu. Mahali pa sentensi palikuwa bado wazi. Hakuwa na sentensi. Akaanza kufungua kurasa za nyuma, ovyo tu, kama mtu anavyopitia picha za zamani, Februari, Januari, mpaka akafika kwenye ukurasa fulani na mkono wake ukatulia. Lilikuwepo neno la mtaimbo, qiàogùn, jipya kwake siku ile. Ilikuwepo tarehe. Na kwa kuwa Meneja alimfundisha kuandika sentensi nzima, ilikuwepo sentensi nzima: Mpaka kipuri kifike, atumie mtaimbo, asisubiri ipoe. Pembeni, kwa wino mwekundu, Meneja alikuwa amemsahihishia mchoro mmoja uliokosewa kwenye herufi ya pili, akaandika: vizuri.

Alifunga daftari. Hakufurahi. Ningependa kusema alifurahi, lakini alichosikia kilikuwa uchovu wa aina nyingine, wa mtu aliyejua sasa kwamba kesho hawezi kupita kando.

Ijumaa saa tatu kamili alikuwa ofisini. Afisa alibofya kalamu yake, akamnyooshea. Redio hakuipokea.

"Agizo lilikuwepo," alisema kwa Kiswahili, kisha akalisema kwa Kichina, kwa mazoea tu.

"Nani alilisikia?" aliuliza Afisa. "Dada, tuwe wakweli. Pale walikuwa Meneja na mfanyakazi. Watu wawili. Mmoja anasema hakuagiza."

"Wewe ulikuwa unatafsiri," alisema Meneja kwa sauti ya chini. "Anayetafsiri hayupo. Nilikufundisha mwenyewe: usiongeze, usipunguze, usiwepo."

"Ulinifundisha," alisema Redio. "Lakini nilikuwepo."

Akaliweka daftari mezani, limefunguliwa. Meneja alilivuta kwake. Alisoma sentensi, kisha macho yake yakaenda pembeni kwenye wino mwekundu, na yakakaa hapo muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma neno moja. Redio alimwona akiutambua mwandiko wake. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuuma, kwa sababu mtu huyu alimsogezea sahani yake pembeni miaka mitano.

"Makao makuu wakijua niliagiza mimi," alisema Meneja, "nitarudishwa kwetu kwa ndege ya kwanza."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyekupa daftari hili."

"Ndiyo. Na nilifanya kama ulivyosema."

Hakupiga kelele mtu. Redio aliomba karatasi, akasimama kwenye ukingo wa meza, akaandika ukurasa wa tatu wa Kichina na ukurasa wa tatu wa Kiswahili. Aliandika tarehe, agizo, swali la Polepole kuhusu bango, na jibu alilopewa. Mwisho akaandika: aliyeyatafsiri maneno haya ni mimi, na nilikuwepo. Kwenye kurasa hizo akatia sahihi. Kwenye zile za mwanzo aliacha mstari mtupu. Afisa aliuliza kama anajua anachokifanya, naye akamjibu kwamba anajua, na kwamba angeshukuru kama angepewa mahali pa kukaa kidogo. Hakupewa. Barua yenye muhuri ilirudi kwenye droo.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa mwendo wa Polepole. Mkaguzi wa ofisi ya kazi alikuja, akauliza, akalitaka daftari, akalinakili. Ripoti ikaandikwa upya. Polepole anatibiwa na kiwanda mpaka leo. Vidole vitatu vimerudi, kimoja kinafikiria. Akipona nafasi yake ipo, tena stoo, mbali na moto. Mlango uliwekwa komeo jipya ndani ya siku tisa, kipuri ambacho miezi saba hakikuonekana. Meneja hakurudishwa kwao, alipewa onyo la maandishi, na tangu siku hiyo akipishana na Redio humsalimu kwa heshima, kama anavyowasalimu wageni. Hilo lilimuuma Redio kuliko alivyotarajia. Muda wa kuandikisha mtihani ukapita. Mwisho wa mwezi alikuja mkalimani mwenye cheti, binti mpole tu, hana kosa, akatoa nailoni kwenye kiti cha kijani akakaa.

Redio akarudi kwenye meza ya kuchambua. Anagonga, anasikiliza. Mafundi walidhani watamwita jina jingine sasa, wakajaribu mawili matatu, hayakushika, wakarudia Redio. Lakini ule utani wa stesheni hawautanii tena.

Hakwenda darasani Jumamosi tatu. Ya nne alikwenda, ijapokuwa hakuna mtihani uliokuwa unamngoja na binti yake alimwambia alale. Hakuweza kueleza kwa nini. Alipumzika kwenye ngazi ya nne, na ya kumi na moja, na ya kumi na nane, na safari hii hakujifanya anatafuta kitu mkobani.

Mwalimu alikuwa katikati ya somo jingine. Alimwona mlangoni, akamtazama viatu, akamtazama uso.

"Una deni langu la sentensi," alisema.

Redio aliisema akiwa bado amesimama mlangoni, kwa Kichina, bila kusoma popote: walitaka kumsainisha mkalimani kwa mabavu, mkalimani akakataa.

Mwalimu aliirudia kwa sauti, neno kwa neno, akaiandika ubaoni. "Hii ni sahihi," alisema. "Hii ina anayekataa."

Fundi simu aligeuka kwenye kiti chake. "Mabavu ya namna gani?" aliuliza. "Walimpiga?"

"Hapana," alisema Redio. "Walimwonyesha kiti."

Kisha akakivuta cha plastiki kilichokuwa karibu na mlango, akakaa, maana miguu ilikuwa inamuuma.